Kabla hujaiwasha pikipiki iliyolala muda mrefu

Kijana aliyeletwa kituoni kwetu siku ile alikuwa anakohoa bila kupumzika, machozi yanamtoka, na kila akitoa pumzi chumba kizima kinanuka petroli. Ni dereva wa bodaboda. Ajali hakuipata siku hiyo. Ajali yake ilikuwa miezi tisa nyuma, alipogongwa na gari akavunjika mfupa wa mguu wa kulia chini ya goti na kuwekewa vyuma. Wiki ile daktari wa mifupa alikuwa amemwambia anaweza kurudi barabarani. Pikipiki ilikuwa yake, kamaliza kulipa mkataba miezi miwili tu kabla ya kuvunjika, na kwa miezi yote tisa ililala chumbani kwa mama yake kwa kuogopa wezi. Akaitoa nje, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, haikuwaka. Jirani akamwambia, “Mafuta yamekufa hayo, yatoe.” Akachukua mpira, akauzamisha kwenye tenki, akanyonya kwa mdomo.

Ndugu msomaji, ukiwa na pikipiki iliyokaa, iwe kwa sababu ya ajali, ugonjwa, ujauzito, masomo au fedha tu, makala ya leo ni yako. Naandika kama mtu wa afya, lakini nitagusa spana mara nyingi. Sina namna. Wengi wanaokuja na mgongo, mikono kufa ganzi au miguu kuuma baada ya kurudi kwenye pikipiki, nusu ya tatizo lao liko mwilini na nusu liko kwenye nati ambayo hakuna aliyeigusa.

Tuanze na huo mpira. Petroli ni nyepesi mno kuliko maji, na ikifika kooni huteleza haraka kuelekea kwenye mapafu. Kiasi kidogo tu kikiingia huko huunguza tishu laini za mapafu na kuleta homa ya mapafu isiyotokana na vijidudu. Ndiyo maana antibiotiki ulizobakiza nyumbani hazitakusaidia. Kosa la kwanza ambalo ndugu hufanya ni kumtapisha mgonjwa. Usimtapishe. Petroli inayopanda inapata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Kosa la pili ni kumjaza maziwa, ambayo hayazimui petroli na yanaweza kumtapisha vilevile. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mweke akae wima, asivute sigara wala kukaribia jiko, umpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa. Sisi huwaangalia watu hawa kwa saa kadhaa kwa sababu kikohozi, kupumua kwa kasi na homa vinaweza kuja baadaye. Kijana wetu alilazwa siku tatu. Alipona, lakini kurudi kwake kazini kulisogea mbele kwa wiki mbili nyingine.

Na kinachoniuma ni kwamba hakuhitaji kunyonya. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda chini ya tenki kuna koki ya mafuta, na mpira mwembamba unaotoka hapo kwenda kwenye kabureta. Chomoa mpira upande wa kabureta, uingize kwenye dumu, fungua koki, mafuta yashuke yenyewe. Chini ya kabureta nako kuna skrubu ndogo ya kumwagia mafuta yaliyobaki ndani. Ifungue nayo, maana hapo ndipo uchafu hukusanyika. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza ile sehemu yake nyepesi inayowaka kirahisi na kuacha utomvu wa kahawia unaoziba matundu membamba ya kabureta. Kwa hiyo jirani hakukosea kusema mafuta yamekufa. Alikosea kutokusema namna ya kuyatoa.

Kazi hiyo ifanyike nje, kwenye hewa, mbali na jiko la mkaa la jirani na mbali na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na unaweza kukuta moto hatua kadhaa kutoka ulipo. Mafuta hayo mabovu usiyatumie kuwashia mkaa. Usiyaweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana watoto wengi wanaofikishwa hospitali kwa kunywa mafuta waliyakuta kwenye chupa ya namna hiyo. Mpelekee fundi kwenye dumu lake lenye mfuniko.

Kabla ya tenki, hata hivyo, kuna kiti. Pikipiki iliyolala ndani ni nyumba ya panya. Hupenda sponji ya kiti na boksi la filta ya hewa, ambako ni pakavu na pana giza. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda mkoani Lindi, watu 20 wakaugua na watatu wakafariki. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa mstari wa mbele, na hupenya kwenye michubuko ya ngozi, macho au mdomo, hasa penye unyevu. Sasa mfikirie fundi mwenye vidole vilivyochubuka, anakwangua kiota chenye unyevu kwa mkono mtupu, kisha anashika andazi. Vaa glovu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Lowesha kiota kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, subiri kidogo, kitoe kikiwa kimelowa ili vumbi lisiruke, kisha nawa kwa sabuni. Filta ikishatafunwa nunua nyingine. Chungulia na kwenye ekzosi pia. Nyigu wa udongo wanajua kujenga humo, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuwaka hata ukipiga kiki mpaka jioni.

Betri nitaisema kwa kifupi. Zile za kumiminia maji zina tindikali ya salfa. Ikikurukia jichoni, fungua jicho chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, ndipo uende hospitali. Usianze safari kwanza. Wakati wa kuchaji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo hakuna sigara wala kuchungulia na kiberiti.

Breki kwanza, injini baadaye

Hapa naomba ubishane na moyo wako. Kila mtu anayeitoa pikipiki ndani anataka kusikia mlio. Mlio ndio furaha. Lakini pikipiki isiyowaka haijamuua mtu. Inayowaka bila kusimama ndiyo inayotuletea majeruhi. Kwa hiyo anza na kinachosimamisha.

Waya za breki na za klachi zilizokaa hupata kutu ndani ya mfuko wake. Ukiminya mkono unahisi mchanga, au mkono haurudi wenyewe. Dondoshea oili juu ya waya mpaka itokee chini, na zikiwa zimechanika badilisha, bei yake haifiki hata gharama ya kadi ya hospitali. Breki za ndani ya ringi fundi azifungue aone kama bitana zimeng'aa kama kioo au zimelowa grisi. Vumbi lililomo humo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Baadhi ya bitana, hasa za zamani, zimetengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu, na kwa macho huwezi kujua zipi ni zipi. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kama breki ya mbele ni ya disiki, maji yake nayo yabadilishwe, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa na nguvu ya breki hupungua.

Tairi nazo zinadanganya. Inaweza kuwa na meno mazuri kwa sababu haikutembea, kumbe mpira umekufa. Tafuta ubavuni tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikunje kwa vidole, na ukiona mipasuko midogo kama ya udongo wakati wa kiangazi, usibebe mtu juu yake. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki yenyewe, sio kwa kupiga teke na kusikiliza.

Sasa injini. Mwaga oili ya zamani, weka mpya. Bodaboda nyingi huchukua takribani lita moja. Iliyotoka ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na hapo kazi ni kubwa kuliko makala hii. Oili chafu usiizoee mikononi. Ikigusa ngozi miaka na miaka inaweza kuleta saratani ya ngozi, na mafundi wanaonawa kwa petroli wanaongeza tatizo juu ya tatizo. Sabuni na maji vinatosha, hata kama itabidi usugue mara tatu. Toa plagi, dondosha kijiko kidogo cha oili safi kwenye tundu lake, piga kiki taratibu mara kumi hivi plagi ikiwa nje, ili pistoni iliyokauka isijikwaruze. Rudisha plagi safi, weka petroli mpya lita moja tu, vuta choki, jaribu.

Na hilo jaribio lisifanyike chumbani. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu najua pikipiki zetu zinalala wapi. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko hewa ya oksijeni. Kichwa kinagonga, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni njaa, unakaa chini kidogo, na usiamke tena. Dakika chache kwenye chumba kilichofungwa zinatosha. Mlango kuwa wazi si kinga. Isukume hadi uani.

Mwili nao ulikuwa umelala

Imewaka. Sasa panda bila kuondoka, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi kubwa, na mwombe mtu akuangalie kwa pembeni.

Kiwiliwili kiwe kimesimama na kuinama mbele kidogo tu, mabega yameshuka, viwiko vimekunjika kidogo. Ukilazimika kunyoosha mikono mpaka viwiko vifunge, kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi shingoni. Usukani wa pikipiki nyingi unazungushwa kwa kulegeza nati nne za juu. Urudishe nyuma kidogo mpaka usijivute kuufuata. Halafu weka vidole juu ya mkono wa klachi na wa breki. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka na mkono wa mbele, kisipinde kuelekea juu. Kikipinda, legeza skrubu ya mkono wa breki na uuzungushe ushuke. Ni kazi ya dakika tano, na nimewaona watu walioishi na ganzi ya dole gumba na vidole viwili vinavyofuata kwa mwaka mzima kwa sababu ya pembe hiyo. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo hubanwa kikikaa kimepinda, na mtikisiko wa injini unamalizia.

Chanzo kingine cha ganzi ni kukamata kwa nguvu. Dereva atakwambia ana mazoea ya kubana. Mwulize kama mafuta yanazunguka kirahisi. Mara nyingi waya wa mafuta una kutu, mkono wa kulia unapigana nao kutwa nzima. Tone la oili hapo lina kazi kuliko chupa ya dawa ya kuchua.

Kiti kilicholiwa na panya au kilichonywesha maji hupoteza sponji katikati na kukutelezesha mbele kwenye tenki. Kiuno kinapinda nyuma kama upinde, pingili za chini zinabeba mzigo ambao hazikuumbiwa. Fundi wa makochi anaweza kukijaza upya. Mwambie aweke sponji ngumu na ainyooshe. Laini inakuvutia dukani, baada ya saa moja unakuwa umekalia bati. Shokapu mbili za nyuma zina pete za kuzungusha ngazi kwa ngazi, na zote mbili ziwe ngazi moja. Ukibeba abiria kila siku, panda ngazi moja au mbili. Ikiwa oili inavuja kwenye shokapu, hakuna ngazi itakayouokoa mgongo wako.

Narudi kwa kijana wetu. Alipotoka wodini alimpelekea fundi pikipiki, ikatengenezwa vizuri, akaanza kuzunguka mtaani bila abiria. Siku ya nne akarudi kwangu akichechemea. “Dokta, vyuma vimeachia,” akasema, na uso wake ulionyesha hesabu anayoipiga: upasuaji wa pili, miezi mingine ya kukaa, ada za wadogo zake. Alikuwa ameanza kumeza diklofenaki asubuhi na jioni bila kula. Tukapiga picha. Mfupa umeunga, vyuma vimetulia. Maumivu yalikuwa mbele ya mguu, kwenye misuli ya kando ya mfupa wa ugoko, na yalianza kila baada ya nusu saa ya kuendesha.

Nikamwomba tutoke nje anipandie pikipiki yake. Pedeli ya breki ya nyuma ilikuwa juu sana. Ili asiikanyage bila kutaka, alikuwa ananyanyua kidole gumba cha mguu na kukiacha hewani muda wote, kwa mguu uliokaa miezi mingi bila kazi. Jaribu hapo ulipokaa: kanyaga kisigino, nyanyua vidole vya mguu, hesabu dakika mbili. Fundi wa kijiweni alilegeza nati moja, akashusha pedeli hadi soli ya kiatu ikawa inapumzika juu yake bila kuibonyeza, akarekebisha taa ya breki iwake kwa wakati wake. Hakudai hata senti.

Hizo dawa nilimwondolea. Diklofenaki na ndugu zake zikimezwa kila siku bila ushauri hutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha, na hilo ndilo kundi la bodaboda karibu lote. Tramado ni mbaya zaidi kwa dereva kwa sababu inalaza. Maumivu yanayozidi wiki mbili, ganzi isiyoondoka ukishuka, mguu unaopoteza nguvu, au kushindwa kuzuia haja, hayo si ya spana wala ya duka la dawa. Njoo hospitali, na kwa hilo la mwisho njoo siku hiyohiyo.

Tulimpa pia mtihani, na nakupa na wewe kama unarudi baada ya kuvunjika. Simama kwa mguu ulioumia peke yake sekunde 30. Nyanyua visigino mara 20. Shusha pikipiki kwenye stendi, isukume mita 50 na kuigeuza. Ina kilo zaidi ya 100 na itakulalia taa nyekundu ya kwanza ukiwa dhaifu. Kisha, uwanjani pasipo watu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mtu apige kelele bila kukutaarifu na wewe ufunge breki zote mbili. Kama mguu unasita kwa sababu unauma, bado. Kama unasita kwa sababu moyo unadunda na unaona lile gari tena, hilo nalo ni jeraha, linatibika kwa kuzungumza na mtaalamu, na wanaume wengi hulificha kwa pombe. Kijana huyu alikwama hapo. Alirudi uwanjani jioni saba.

Kofia ngumu aliyokuwa ameivaa siku ya ajali aliihifadhi kama kumbukumbu na alitaka kuivaa tena. Hapana. Povu la ndani hujibonyeza mara moja kukuokoa, halirudi hata kama nje hakuna mkwaruzo. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalionyesha kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, lakini hiyo ni kofia nzima iliyofungwa kidevuni. Alinunua mbili, moja ya abiria.

Abiria wa kwanza alikuwa mama yake, aliyelala na pikipiki hiyo chumba kimoja kwa miezi tisa. Alimpeleka sokoni asubuhi, kwa gia ya pili karibu njia nzima. Aliponipigia simu nilimuuliza mguu. Akasema mguu hauna neno, ila bega linamuuma, mama alilishika kwa nguvu kutoka nyumbani mpaka sokoni.